Yamna Kerroumi na Usafi wa Shaabani

Yamna Kerroumi hakupenda kitu cha ziada. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake, na watu wa mji wetu wa Figuig, mpakani mwa Moroko, walimjua kwa huo kabla ya kumjua kwa hesabu alizofundisha skuli. Ukimpelekea sinia ya vileja vya sikukuu, alichukua vinne, akakurudishia vilivyobaki papo hapo, tena mbele ya wageni. Nyumbani kwake palikuwa na vikombe sita kwa sababu zulia lake lilikaa watu sita. Mumewe alifanya kazi Ufaransa na kuja mara moja kwa mwaka, na wanawake wa mtaa walitania kwamba yule bwana hakwenda kutafuta riziki, bali ameondolewa ili nyumba ipumue.

"Na bado kuna wa kuondolewa," Yamna aliwajibu. "Msinijaribu."

Wakacheka, naye akacheka. Lakini usidhani alikuwa na moyo mkavu. Nimekaa naye miaka mingi mtaa mmoja, na sijaona mtu mwenye kuvipenda kwa dhati vitu vichache alivyobakisha kama yeye. Na katika hivyo vichache, cha kwanza kilikuwa maji ya hodhi la Tanout.

Maji yale hutoka chini ya mwamba, ya uvuguvugu, mchana na usiku, na tunagawana watu thelathini na mmoja. Kipimo chake ni kharruba, yaani dakika arobaini na tano za maji kwenye mfereji wako. Kuna mwenye kharruba nane na kuna mwenye moja tu, na zamu ikishakupita inakurudia baada ya siku kumi na nne. Kharruba hurithiwa, bibi harusi huondoka nayo kwao, marehemu huiachia msikiti. Mtu anaweza kukukosea adabu ukamsamehe. Akigusa maji yako, wajukuu zenu hawatasalimiana.

Kwa miaka arobaini mgawaji alikuwa Hammou, aliyepima kharruba kwa bakuli la shaba lenye tundu, likielea ndani ya ndoo mpaka lijae na kuzama. Macho yalipomchoka, jamaa wa hodhi wakaamua kuweka milango ya maji ya umeme, na mashine ndogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, ya kuiamuru. Yamna ndiye aliyeiandikia mashine programu kwa lugha ya Python. Kazi zake zilikuwa mbili: kufungua mlango wa kila mtu zamu yake inapofika, na kumtumia kila mwenye zamu ujumbe wa simu siku moja kabla, kumwambia saa ya kuwa shambani na jembe lake. Maana maji yakija na mwenyewe hayupo wa kuyaelekeza, yanazama kwenye kijaruba cha kwanza, yanabomoa tuta, na yanaishia kwa jirani.

Siku ya kuizindua, Hammou alisimama mbele ya watu wote akanyoosha kidole.

"Mimi sina ugomvi na hiki kijidude," alisema. "Ila siku kitakapomla mtu zamu yake, hata kwa dakika kumi, nakitupa hodhini. Na aliyekileta atanifuata humo humo kukitafuta."

Miaka sita ilipita na hakutupa kitu. Lakini kila Jumamosi alitaka atumiwe orodha nzima ya zamu za kesho, aikague kwa kichwa chake.

Kuna jambo moja katika kazi ile ambalo Yamna hakuwahi kulizoea. Python ina chombo chake cha kuleta na kuondoa vifurushi, kinaitwa pip. Unaandika amri ya mstari mmoja, na kazi aliyoifanya mtu mwingine, huko usikokujua, inakuja na kukaa kwenye mashine yako. Unataka kutuma ujumbe wa simu? Kuna mtu ameshaandika namna ya kuutuma. Unataka kuuzungusha mlango wa maji? Kuna mwingine ameshavunjika mgongo juu ya jambo hilo hilo, akaliweka wazi kila mtu alichukue bure. Mara ya kwanza alipoliona hilo, kwenye kozi ya walimu kule Oujda, Yamna aligeuka nyuma kutazama nani atakuja kumdai. Hakuja mtu. Akabaki ameduwaa mbele ya kioo, na nafikiri sehemu fulani ya moyo wake imebaki imeduwaa mpaka leo.

Lakini ni yule yule mchukia ziada. Alitumia vifurushi vichache alivyovihitaji, akafunga mlango.

Sasa, mwaka jana walikuja wanafunzi watatu wa chuo kufanya mazoezi ya kazi miezi miwili. Vijana wazuri, wapole, walafi wa vifurushi. Kila walichosikia walikileta. Walipoondoka, mashine ilikuwa imejaa pomoni. Ilianza kukwama, ujumbe ukachelewa, mara moja mlango ukafunguka kwa kusitasita. Yamna akasema, Shaabani hii nitaisafisha.

Shaabani kwetu ni mwezi wa kutoa vitu nje. Ramadhani haiingii kwenye nyumba yenye takataka. Magodoro hupandishwa darini, kuta hupakwa chokaa, makabati hufunuliwa matumbo, na kisichotumika kinatoka. Yamna alimaliza nyumba yake kwa siku moja, maana palikuwa na nini cha kutoa? Alhamisi baada ya skuli akaenda kwenye chumba cha mashine pembeni mwa hodhi, akavua viatu, akajifunga kilemba vizuri kama mtu anayetaka kufagia, akakaa.

Akaiambia pip imtajie vyote vilivyomo. Majina yakaporomoka. Mia moja thelathini na saba.

"Ya Latif," alisema peke yake.

Kulikuwa na kifurushi cha kutia rangi maandishi. Cha kugeuza tarakimu kuwa za Kirumi. Kulikuwa na kimoja ambacho kazi yake yote duniani ni kuchora ng'ombe anayesema utakachomwandikia. Kulikuwa na mchezo wa nyoka. Kulikuwa na kifurushi kikubwa cha kuchambua majedwali, ambacho wale vijana walikileta ili kuchora picha moja ya kuweka kwenye ripoti yao.

Akaanza. Unaandika jina, pip inakuonyesha mafaili itakayofuta, kisha inakuuliza: niendelee? Yamna akajibu ndiyo. Ng'ombe akaenda. Nyoka akaenda. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kile kikubwa cha majedwali kilichukua muda kufutika, na kilipoisha alijinyoosha kwa raha kama aliyetoka hamamu.

Sasa pip ina tabia moja ambayo Yamna aliijua vizuri. Ukileta kifurushi kikubwa, kinakuja na wasaidizi wake. Ukikiondoa, wasaidizi hawaondoki nacho. Wanabaki wamekaa, hakuna aliyewaita, hakuna anayewafukuza. Yamna aliwaita mayatima, na aliwawinda mmoja mmoja. Kila jina alilitafuta ndani ya programu yake ya maji. Likionekana linatajwa, alibakiza. Lisipotajwa, nje.

Kati ya mayatima hao palikuwa na kimoja kinaitwa tzdata. Alidhani kilikuja na yale majedwali. Alilitafuta jina hilo kwenye programu yake, mstari kwa mstari. Halikutajwa hata mara moja. Kilikuwa kidogo, chepesi, hakina kelele.

Niendelee? pip iliuliza.

Ndiyo, akaandika Yamna.

Jua lilipoinamia kilima vilikuwa vimebaki vifurushi saba. Mashine iliwaka kama mpya. Alijaribu mlango, ukafunguka papo hapo. Akasoma orodha ya Ijumaa, saa zote sawasawa. Akarudi nyumbani akitembea kwa madaha, na njiani akampigia simu Hniya, kumwambia tu kwamba asiwe na wasiwasi, mashine ni nzima.

Hniya alikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi. Yeye ndiye mwenye kharruba moja tu, shamba lake ni la mwisho mferejini. Mitende yake yote ilikufa kwa bayudhi, ule ugonjwa unaoua mtende kuanzia ndani, akakata na kuchoma tisa kwa mikono yake. Mwaka mzima alikaa bila kutamka neno mtende. Kisha Shaabani hii akapata miche kumi na miwili ya aziza, mtende wetu wa asili, safi, isiyo na ugonjwa, akaipanda siku ile ile ya zamu yake. Tangu siku ile upepo wa mashariki haukutulia. Alikuwa akibeba maji kwa madumu, nusu kikombe kwa kila mche, huku akihesabu siku. Zamu yake ya pili ilikuwa Jumapili asubuhi. Isingemfikia Jumapili, angengoja siku nyingine kumi na nne, na kila mtu mwenye macho alijua kwamba miche ile haingengoja naye.

"Nina harusi ya mpwa wangu kule mjini Bouarfa Jumamosi," Hniya alimwambia simuni. "Nitalala huko, lakini Jumapili nitashuka garini moja kwa moja shambani. Wewe nipe saa tu."

"Utaipata, shangazi. Jumamosi alasiri, kama siku zote."

Jumamosi alasiri ujumbe ukaenda. Haukupita muda Yamna akasikia fimbo ya Hammou ikigonga mlango wa chumba cha mashine. Mzee aliingia ameshika simu mbali na uso wake, mkono umenyooka kama anayeshika panya mkiani.

"Binti Kerroumi! Hii mashine yako imeacha dini?"

"Karibu, ami Hammou. Imefanya nini tena?"

"Hniya zamu yake saa ngapi kesho?"

"Saa mbili asubuhi."

"Saa mbili ya nani?"

"Ami, saa mbili ni saa mbili."

"Wewe si mwalimu wewe? Kesho si ndiyo serikali inarudisha saa nyuma kwa ajili ya Ramadhani? Maji yatakuja pale pale yanapokuja. Lakini tutakapoamka, saa mbili ya leo itakuwa inaitwa saa moja. Kila mwaka orodha ya Jumapili hii inaruka saa moja nzima, na kila mwaka nakupigia simu kukutukana, halafu naona uko sawa. Leo haikuruka. Nimekuja kukutukana kwa miguu."

Yamna alitaka kucheka, akashindwa. Aligeuka, akafungua orodha. Kweli. Mlango wa Hniya ungefunguka kwa wakati wake, maana maji hayana habari na saa ya serikali. Lakini Hniya ameambiwa aje saa mbili. Akishuka garini saa mbili, kharruba yake itakuwa imeshapita, imeishia kwa jirani.

"Miaka sita haijawahi," alisema. "Miaka sita! Nimegusa nini?"

"Mimi unaniuliza?"

Alianza kuichimba programu yake mwenyewe. Mahali inapoiuliza Python saa za Moroko, aliikuta Python haina jibu. Ilitafuta kitabu cha saa za dunia, haikukiona. Na chini ya hapo palikuwa na mstari alioandika yeye mwenyewe, wiki ile ya kwanza, mashine ilipokuwa ikimsumbua: saa za Moroko zisipopatikana, ongeza saa moja tu juu ya saa ya dunia, tuendelee. Aliuweka kwa muda, akausahau. Miaka sita haukuwahi kuhitajika. Sasa ulikuwa umeshika usukani kimya kimya, na kwa kuwa siku za kawaida sisi kweli tumezidi saa ya dunia kwa saa moja, Alhamisi na Ijumaa kila kitu kilionekana sawa.

Kitabu cha saa kilikuwa kile kifurushi yatima, tzdata, ambacho kumbe hakikuja na wanafunzi, bali kilikuwepo tangu mwanzo, kimefuatana na kifurushi chake mwenyewe. Programu haikukitaja kwa jina kwa sababu Python yenyewe ndiyo huenda kukisoma, bila kumwambia mtu.

"Nimekitupa," alisema Yamna. Uso ulimwiva. "Ami, nimekitupa mwenyewe. Nimefanya usafi."

"Umetupa nini?"

"Saa."

Hammou alimtazama, akatazama ukutani ilipotundikwa saa, ikidunda. Akaamua kutouliza.

Yamna aliunganisha mashine na simu yake, akaiamuru pip irudishe kifurushi. Kilirudi kabla hajavuta pumzi ya pili. Orodha ikajipanga upya, Hniya saa moja kamili. Akaubadilisha na ule mstari wa aibu, ili siku nyingine saa zikikosekana mashine ipige kelele badala ya kubahatisha. Kisha akawatumia wote wenye zamu ujumbe wa pili: kosa ni letu, saa sahihi ni hizi, jibu ukiupata.

Majibu yakaanza kuingia, moja moja. Na wakati akingoja, kwa hasira tu, hasira ya mtu aliyejikwaa na anataka kuliona jiwe, alikifungua kile kifurushi atazame ndani mna nini.

Mlikuwa na faili moja la maandishi marefu, yaliyobanwa mno, mistari juu ya mistari. Kila nchi na saa zake. Alitafuta Moroko. Akakuta miaka. Kila mwaka ulikuwa na siku mbili, siku ya kurudisha saa nyuma kabla ya Ramadhani na siku ya kuipeleka mbele baada ya Idi. Akaona mwaka huu: kesho, pale pale. Akaona mwaka ujao. Akashuka. Mwaka baada ya huo, na mwingine. Akashuka tena.

"Ami," alisema. "Hebu kaa."

"Nimekaa tangu lini!"

"Hapa wameandika Ramadhani zetu."

"Nani?"

"Sijui. Zimeandikwa moja moja. Siku ya kurudisha saa, siku ya kuipeleka. Wamekisia mwandamo wa kila mwezi, miaka yote. Tazama, elfu mbili na arobaini. Elfu mbili na sitini." Alikuwa bado anashuka. "Elfu mbili themanini na saba. Hapo ndipo wameishia."

Hammou alisogea mpaka pua ikakaribia kioo, ingawa hakuweza kusoma kitu. Midomo yake ilicheza, akihesabu.

"Mwaka huo mimi nitakuwa na miaka mia moja na arobaini na moja."

"Mimi mia moja na mitano, ami."

"Tutakuwa tumelala wote." Akamgeukia. "Serikali yetu imewaomba?"

"Hapana, hawakuombwa na mtu."

"Wanalipwa?"

"Sidhani. Maelezo yao hapa yanasema ni watu tu, kila nchi. Mmoja akiona kosa anamwandikia mwenzake, wanasahihisha, wanalitoa tena kwa kila mtu bure. Nchi yoyote ikibadili saa, wao wanaandika."

Mzee alirudi nyuma kwenye kigoda chake taratibu. Miaka arobaini aliketi mbele ya ndoo akilitazama bakuli la shaba lizame, ili mtu asidhulumiwe dakika, na hakuna aliyemshukuru isipokuwa siku za mazishi. Alivua kofia, akaishika mapajani.

"Subhanallah," alisema. "Kumbe wako wengine."

Yamna alirudi kutazama kioo. Alikuwa akikumbuka lile neno, ndiyo, alivyoliandika Alhamisi bila hata kunyanyua macho. Aliona mbele yake watu asiowajua, katika vyumba asivyoviona, wameinama wanazipanga siku za mfungo wa mji wa mpakani ambao pengine hawakuwahi kuusikia. Na yeye aliwatoa nje pamoja na ng'ombe na nyoka. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Usilie," Hammou alimwambia. "Hesabu majibu."

Alihesabu. Wenye zamu za Jumapili wote walikuwa wamejibu isipokuwa mmoja.

Alimpigia Hniya mara tano. Simu imezimwa. Ilikuwa harusi, simu ya mwanamke wa miaka sabini iko kwenye mkoba, mkoba uko chini ya majoho ya watu hamsini. Hammou alijaribu watu wawili wa Bouarfa. Wa kwanza hakupokea, wa pili aliahidi kwenda kumtafuta na hakusikika tena.

"Maji yatakuja saa moja na yeye atakuja saa mbili," alisema Yamna. "Nitakwenda mimi na jembe."

"Utagusa maji ya mtu bila idhini yake?"

"Niyaache yaende kwa jirani?"

Hammou alikunja uso. Kwa miaka arobaini jibu lake lingekuwa moja tu. Alikuna kidevu, akavaa kofia yake.

"Nitakuja kuwa shahidi," alisema. "Nitakaa kwenye tuta. Nitahesabu kila pigo la jembe lako, na akija nitamweleza lote, zuri na baya. Akitaka kukupeleka mbele ya jamaa wa hodhi, mimi nitasema ulichofanya. Sitakuficha."

"Nisifichwe."

Jumapili asubuhi jua lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia Yamna aliposimama mwisho wa mfereji, viatu vya mpira miguuni, jembe la kuazima mkononi. Miche kumi na miwili ilikuwa mbele yake, kila mmoja umefungwa makuti makavu kuuzuia upepo. Katikati ya makuti majani yalikuwa yameanza kujikunja kingo. Hammou alikaa kwenye tuta juu ya gunia.

Saa moja kamili mlango uliguna huko juu. Maji yalikuja yakisukuma majani makavu mbele yake.

Yamna aliweza kuwafundisha watoto milinganyo, lakini jembe lilimshinda adabu. Tuta la kwanza alilifungua mno, maji yakamkimbia.

"Ziba! Ziba, mwanamke! Utaufukua mche!"

"Ami, si ulisema wewe ni shahidi tu?"

"Shahidi ana mdomo! Udongo kushoto. Kushoto! Huko walikokusomesha hakuna kushoto?"

Alipiga, akaziba, akafungua. Kufikia mche wa nne mkono ulianza kuelewa. Maji yalizunguka kila shina, yakatulia, yakanywewa kwa sauti ndogo, na udongo mweupe ukageuka mweusi. Mche wa kumi na mbili ulipata maji yake dakika tatu kabla ya mlango kufungwa. Yamna alikaa chini palepale kwenye tope.

Saa mbili kasorobo gari lilisimama barabarani. Hniya alishuka amevaa nguo za harusi, hina mbichi mikononi, akaja mbio kadiri magoti yalivyomruhusu. Akaona udongo mweusi. Akaona Yamna na jembe. Akasimama.

"Nani amegusa maji yangu?"

"Mimi, shangazi."

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna. Nilikupa saa ya uongo. Maji yalikuja saa moja. Nilikupigia simu ikawa imezimwa."

Hniya alimgeukia Hammou, naye mzee akasimama, akaeleza kama alivyoahidi. Hakupunguza kitu. Alisema Yamna alitupa kitu asichokijua kazi yake, alisema tuta la kwanza lilibomoka, alisema hakuna tone lililoingia kwa jirani. Kisha, bila kuulizwa, akaeleza na lile jingine: wale watu, na miaka waliyoiandika.

Hniya alisikiliza huku akitembea, akigusa kila mche kwa ncha ya kidole, kama anayepima homa ya mtoto. Alifika wa mwisho, akainuka.

"Mpaka mwaka gani, ulisema?"

"Elfu mbili themanini na saba," alisema Yamna.

"Na wao wanafunga?"

"Wengi wao sidhani, shangazi. Sijui. Pengine yuko mmoja."

"Hawafungi, na wanatuhesabia sisi." Hniya aliutazama tena mche ule wa mwisho. Mikono yake yenye hina ilining'inia tu. Yamna alingoja atukanwe. "Basi andika," alisema Hniya. "Hammou, wewe ni shahidi. Huu wa mwisho si wangu. Huu ni wao. Ukianza kuzaa, tende zake zitolewe Ramadhani, msikitini, kwa jina lao."

"Na kama si Waislamu?" aliuliza Hammou.

"Nimekuuliza wewe? Ni mtende wangu."

"Jina lao nani, shangazi?" Yamna aliuliza. "Siwajui majina."

Hniya alimtazama kuanzia viatu vya tope mpaka kilembani.

"Ulijua jina la kuwafutia."

Wakaenda wote watatu kwenye chumba cha hodhi, Yamna akaacha nyayo za tope sakafuni. Akalifungua daftari la maji, ambamo zimo kharruba za watu waliokufa kabla ya babu zetu kuzaliwa. Aliinua kalamu, akafikiri, akafuta chozi kwa kiwiko. Kisha akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: Mche wa kumi na mbili, shamba la Hniya. Wenyewe ni watu wa saa. Hawajulikani walipo. Hammou akatia dole gumba chini yake, na Hniya akatia lake, hina juu ya wino.